Bomba la Moshi la Lori la Musyoka

Niliacha kazi kwa sababu ya masikio. Majirani wanadhani ni magoti, kwa vile wananiona nikishuka ngazi za kanisa upande upande, lakini magoti mabovu si kitu kwa mtu ambaye kazi yake ni kulala chali chini ya gari. Siku ambayo mmoja wenu, nyinyi mafundi vijana, alipoisikia gasketi ikivuja akiwa mlangoni na kikombe cha chai, na mimi niliyeiinamia injini ileile nisisikie lolote, nilijifuta mikono nikajua basi.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya zamani. Nitaandika ya kazi tu. Nani alipandishwa cheo na nani alinyimwa, hayo hayajawahi kulegeza nati iliyoshika kutu.

Nilifika Makadara, jijini Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, kijana kutoka upande wa Murang'a, nikiwa na shati moja zuri ambalo nilichagua kulivaa siku ya kwanza kazini. Kufikia saa nne halikuwa zuri tena. Fundi aliyenipokea aliitwa Odhiambo, mtu mfupi, mchache wa maneno, mwenye kovu la moto lililomkaa mkononi kama bangili. Alinipa brashi ya waya na sailensa kuukuu, kizuia mlio cha bomba, akaniambia nisugue mpaka chuma kionekane. Nilipomwambia nimemaliza, aliigeuza juani akanionyesha mstari mweusi, mwembamba kama unywele, kwenye kiungo. Alisema masizi ndiyo shahidi wetu. Yalipojichora ndipo moshi unapotokea, hata kama jicho halioni tundu.

Chombo chake kikuu kilikuwa kipande cha mpira wa maji. Ncha moja aliitia sikioni, nyingine akaipitisha polepole kwenye bomba huku injini ikinguruma, kama daktari anayempima mgonjwa kifua. Alinifundisha pia kuziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa, ili moshi ukikosa njia utafute nyingine na upige mluzi palipo na ufa. Nyinyi siku hizi mna mashine zenye taa. Mimi bado nina ule mpira.

Si kazi zote zilizohitaji akili. Mhubiri mmoja wa Mbotela alituletea gari lililokataa kuwaka kila Jumapili asubuhi na likawaka vizuri Jumatatu. Tulipolichunguza tulikuta gunzi la hindi limeshindiliwa kwenye bomba. Waumini wake walikuwa wamechoshwa na mahubiri marefu. Odhiambo alilitoa lile gunzi, akampa mhubiri ushauri wa gari, na ule mwingine akaumeza.

Jambo moja tu nilimwona Odhiambo akiliogopa, nalo ni moshi usioonekana. Moshi mweusi, alisema, utakukohoza ukimbie. Huu mwingine hauna rangi wala harufu ya kukuamsha; unakubembeleza kama mama, nawe unalala. Ukiwasha injini ndani ya banda letu kabla ya kufungua milango yote miwili, alikufukuza siku hiyo na hakukuuliza kwa nini.

Sasa nifike kwa Musyoka, maana najua ndiye mnayetaka kusikia habari zake. Wengine wenu mmesimuliwa vibaya.

Ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ya sabini, wiki ya Pasaka. Musyoka alikuwa dereva, Mkamba wa upande wa Kitui, akiishi mtaa wa Jericho na mkewe, Mama Ndinda. Aliendesha lori la zamani la petroli lililobeba simenti kuelekea njia ya Mombasa. Mwenye lori hakupenda kusikia neno gereji. Kelele za bomba zilikuwa zimezidi, trafiki walikuwa wameanza kumsimamisha, na majirani walikuwa wameanza kumsalimia kwa ufupi. Basi Musyoka mwenyewe akatafuta bomba na sailensa kule Grogan kwenye soko la vipuri, si za kampuni iliyounda lori bali zilizokunjwa na mafundi wa hapa hapa, akaniomba nije nyumbani nimfungie siku za mapumziko.

Nilifika Jumamosi asubuhi nikamkuta ndiyo kwanza analiegesha kwenye uwanja kati ya nyumba, kando ya kamba za nguo. Alizima injini akashuka. Kisha akazunguka upande wa kushoto, akaufungua mlango wa abiria, akasimama ameushika. Alingoja kama mtu anavyomngojea mzee ashuke taratibu. Halafu akaufunga polepole, akaja kunisalimia. Hakuna aliyeshuka. Nilidhani anatia hewa ndani.

Kazi ya bomba huanza kwa kusikiliza kabla ya kushika spana. Musyoka alikuwa ameenda kuchota maji kwenye mfereji wa mtaa, mwisho kabisa wa safu ya nyumba. Nikapanda ndani ya kebini, nikapandisha vioo vyote ili kelele za nje zisinichanganye, nikawasha. Nilitaka kujua mngurumo unatokea wapi, mbele au nyuma. Nilifumba macho kama nilivyofundishwa.

Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka mngurumo ukawa mbali, kama lori la mtu mwingine katika barabara nyingine. Kichwa kilikuwa kizito, lakini uzito wake haukuniudhi. Mikono ilikuwa imelala mapajani na sikuona sababu ya kuiamsha. Hapo mtu akanisemesha kutoka kushoto kwangu, karibu, kwa sauti ya kawaida.

"Dereva, fungua dirisha."

Nikamjibu, "Sawa," nikateremsha kioo.

Hewa iliponipiga usoni ndipo nilipojua nilikuwa nimefika wapi. Nilisukuma mlango nikaanguka zaidi ya kushuka, nikatapika kwenye sukuma wiki za jirani. Nilipoinua kichwa nilimwona Musyoka bado yuko mbali, anakuja na ndoo mbili, anatembea taratibu asimwage maji.

Alipofika nilimshukuru kwa kunikumbusha kufungua dirisha. Akaziweka ndoo chini. Akaniambia hakuwa amesema chochote, kwamba alikuwa kwenye mfereji. Nilitegemea ashangae au acheke. Badala yake alikitazama kiti cha kushoto kupitia mlango ulioachwa wazi, kisha akaenda kuzima injini bila kukitazama tena.

Mama Ndinda alinitolea kigoda na chai ya rangi, akangoja mumewe aende kutafuta magogo ya kuzuia magurudumu. Alikuwa mwanamke mtulivu, anayeuza vikapu vya kyondo alivyosuka mwenyewe. Aliniambia mumewe amekuwa akirudi safarini na kuomba vikombe viwili mezani, ilhali hana mgeni. Usiku hulala vizuri. Ni barabarani tu ndipo anapokuwa na mtu. Kanisa lilikuwa limeliombea lori mara kadhaa, na lori halikubadilika.

"Fundi, usitazame kelele peke yake," alisema. "Hilo gari litanimalizia mume."

Niliingia chini. Bomba lilikuwa limeoza kwa juu, mahali ambapo mtu akichungulia kutoka kando haoni. Tundu lenyewe lingemeza kidole gumba changu. Juu yake sakafu ya kebini ilikuwa imekatwa zamani kupitisha waya fulani, na aliyeikata hakuziba. Masizi yalikuwa yamepanda kutoka kwenye tundu mpaka kwenye ule mwanya, yakajitandaza kama ukoka. Nilipochukua kipimo kwa mkono niliona mwanya uko chini ya kiti cha kushoto hasa.

Nikamwita Musyoka aje alale kando yangu aone. Nilimweleza yote aliyonifundisha Odhiambo kuhusu moshi wa petroli. Alisikiliza huku akiligusa lile tundu kwa kucha, na magamba ya kutu yakimwangukia shingoni. Hapo chini, bila kunitazama, ndipo aliponisimulia habari za mdogo wake.

Aliitwa Kilonzo na alikuwa taniboi wake, msaidizi anayesafiri na dereva. Walifanya kazi pamoja katika lori hilo, na kwa mzaha Kilonzo hakuwahi kumwita kaka wakiwa safarini, ila kwa jina la kazi. Siku moja ya mvua walikuwa kwenye foleni ya mizani, malori mengi mbele yao. Betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo Musyoka aliiacha injini ikiwaka akashuka kwenda kushughulikia karatasi. Kilonzo alikuwa amesinzia kitini, vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua. Musyoka aliporudi alimkuta amekaa vilevile, midomo na kucha zimekuwa nyekundu kama za mtu mwenye afya. Alimsemesha kwa muda kabla ya kujua. Hospitali walisema ni moyo. Nyumbani walisema mengine. Walimzika Kitui, na tangu hapo Musyoka alikuwa akisafiri bila taniboi, kwa sababu kiti hakikuwa wazi.

Alisema Kilonzo huja baada ya mwendo mrefu, hasa kwenye milima ambako injini huhangaika. Hana jambo la kutisha. Hukaa tu akitazama mbele. Nikamwuliza kama husema chochote.

"Neno moja tu," alisema Musyoka. "Ananiambia, dereva, fungua dirisha. Nikifungua, anaenda."

Nilikuwa nimelala chini ya lori, jua la saa tano liko nje, redio ya jirani inaimba, na nilihisi baridi ikitoka ardhini ikinipanda mgongoni. Nilishika spana kwa kuwa ndicho kitu kilichokuwa karibu.

Akaniuliza lile ambalo nilijua atauliza. Tundu hili lina umri gani?

Ningeweza kusema sijui. Lakini kutu ina umri kama mti, na yeye alikuwa ameona nikiikwangua safu kwa safu. Nikamwambia, "Si la mwaka huu, Bwana Musyoka. Wala la mwaka jana."

Akatoka chini ya lori, akaenda kusimama kwenye kamba za nguo, uso wake ukiwa kati ya mashuka. Mama Ndinda alitaka kumfuata, nikamtikisia kichwa asiende. Kuna kazi ambayo mtu huifanya peke yake. Mimi nikaendelea na yangu.

Hapa niwaambie ilivyofanyika, maana kulifunga bomba lisilo la lori hilo ni somo. Nati za flanji, pale bomba linapoungana na injini, nilikuwa nimemwagiza Musyoka azilowanishe mafuta ya taa tangu jana yake, na bado mbili zilikataa. Zikikataa zipashe moto, zigonge, ngoja zipoe, ndipo ujaribu. Ila kwanza jua tangi la petroli liko wapi, kwani wapo waliojua baadaye. Bomba kuukuu nililikata kwa msumeno wa chuma mahali pawili nikaliteremsha. Bomba jipya lilikuwa limekunjwa kwa ajili ya lori jingine, likagonga chuma kilichokingama chini ya kebini. Usilipige nyundo. Nililijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha zote mbili, nikalipasha moto na kulikunja polepole. Mchanga hulizuia lisibonyee. Mahali pa kuning'inizia nilikata vipande vya tairi kuukuu. Kisha kila kitu kifungwe kwa ulegevu mpaka kikae sawa, ndipo ukaze kuanzia kwenye injini kurudi nyuma. Ukianzia nyuma utakaza kosa lako mwenyewe.

Katikati ya kazi Musyoka alirudi. Alilala kando yangu akalishikilia bomba nilipokuwa nikikaza, na alilishikilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwanya wa sakafu tuliuziba kwa bati na misumari ya skrubu, gasketi ikawekwa mpya, na alasiri tukawasha. Niliziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kilicholowa nikapitisha mpira wangu kotekote. Hapakuwa na mluzi. Injini ilinguruma chini chini, kistaarabu, na majirani wawili wakatoka kutazama.

Nilimwambia apande asikilize. Alikaa nyuma ya usukani, vioo vimepandishwa, muda mrefu. Nilipofungua mlango alikuwa amegeukia kushoto.

"Pametulia sana," alisema.

Siku ya kwanza ya kazi baada ya Pasaka nilimsimulia Odhiambo. Alisema moshi hutenda hivyo: kichwa kikianza kuzima, kile kipande kinachotaka kuishi hutafuta sauti ya kukuamsha, na huchukua yoyote inayopatikana. Kichwa changu kilijua nifungue dirisha, kikaniambia. Ni maelezo mazuri na mpaka leo nayaamini. Nilimwuliza basi kwa nini kichwa changu kiniite dereva, mimi ambaye maisha yangu yote sikuwahi kuitwa hivyo na mtu. Odhiambo alikuwa akinoa patasi. Aliinoa mpaka ikawa kali kuliko inavyofaa, kisha akanituma nikafagie.

Wiki kadhaa zikapita. Mchana mmoja Musyoka alikuja bandani kwa miguu, bila lori, amevaa koti la kanisani siku isiyo ya kanisa. Alikuwa amekonda. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za mke wangu, halafu akatazama kwenye ua ambako vyuma chakavu vilisubiri mnunuzi. Lile bomba lake kuukuu, nililokuwa nimelichukua kutoka kwake, lilikuwa limeegemea hapo, na upepo ulipopita kwenye tundu lilitoa mlio mdogo. Mafundi wenzangu walikuwa wamelalamika, wakisema linafanana na mtu anayeita kutoka chumba cha pili.

Aliniambia lori linakwenda vizuri. Hakuna kelele, trafiki hawamsumbui. Kisha akasema kwamba amepanda milima yote, ameliendesha na vioo vimefungwa kuanzia huku hadi Voi, na hakuna aliyekuja.

"Nifungie lile la zamani, Fundi," alisema. "Safari moja tu. Nina neno la kumwambia."

Odhiambo alikuwa hapo, akasikia, akaondoka taratibu kwenda nje ya banda. Nilimweleza Musyoka kwamba safari hiyo moja ndiyo ingekuwa ya mwisho. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa nauli ambayo tayari alikuwa ameijua. Hapo niliogopa. Nilikuwa nimekutana na watu wengi waliotaka magari yao yaende. Huyu alikuwa wa kwanza kuniomba nimpe njia ya kutorudi.

Nikamwuliza ni neno gani.

Alisema anataka kumwuliza Kilonzo kama alijua. Kama mle ndani, mvua ikinyesha, alijua kwamba kaka yake ndiye aliyeiacha injini ikiwaka.

Nilikaa chini kwenye tairi, nikamwambia nilichokuwa sijamwambia. Kwamba siku ile ya Jumamosi, alipokuwa mferejini, na mimi sijui hata jina la mdogo wake, niliitwa dereva na nikaambiwa nifungue dirisha. Nilimsimulia kwa mpangilio, bila kuongeza. Alinitazama mdomoni nikisema, kama mtu anayemsikiliza mgeni akizungumza lugha ya kwao.

Akaniuliza, "Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya mtu aliyechoka."

"Alikuwa na hasira?"

Nilijipeleka tena kwa mawazo ndani ya kebini ile, nikasikiliza kwa uaminifu wote niliofundishwa kusikilizia chuma, kwa kuwa nilijua jibu langu ataishi nalo. "Hapana," nikasema. "Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa kama mtu anayemjali aliye karibu naye, yeyote awaye."

Musyoka aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti, akakaa hivyo. Wateja wawili walifika, Odhiambo akawapeleka upande wa pili wa banda. Musyoka alipoinuka aliomba msumeno. Nilitaka kumsaidia akakataa. Alivua koti, akalikunja, akalikata lile bomba vipande vipande mwenyewe, na kazi hiyo ilimchukua mchana mzima kwa sababu hakuwa fundi na meno ya msumeno yalikuwa yamechoka. Vipande vilipoanguka havikulia tena na upepo.

Odhiambo hakuwahi kuligusia jambo hilo. Mimi mwenyewe, mpaka leo, sijui niliweke wapi. Ninaamini maelezo ya moshi asubuhi, na jioni nayaamini kidogo. Mnachotakiwa kukichukua nyinyi ni kwamba tundu la juu halionekani kutoka kando, na kwamba mteja akikueleza habari ambayo si ya chuma, usimcheke. Huenda ndiyo sehemu ya gari unayoitafuta.

Nilimwona tena kabla ya mvua ndefu za mwaka uliofuata, kwenye barabara ya Jogoo, akiwa amesimama na lori kando ya mahakama ya Makadara. Kitini kushoto alikuwa ameketi mwanamume mwenye mvi, mkubwa kuliko Musyoka kwa miaka mingi, amevaa kofia ya sufu juani, akisimulia jambo kwa mikono yote miwili. Musyoka aliniambia ndiye taniboi wake mpya, anatoka Machakos, na tangu waondoke kiwandani hajanyamaza. Nikamwuliza kama mzee huyo hamchoshi.

"Ananichosha sana," alisema Musyoka, akatia gia, wakaondoka, na yule mzee akiendelea kusimulia.